NAFASI YA VALVU KATIKA INJINI YA MASHUA

Wasomaji wetu wakaao pwani na kandokando ya maziwa makuu wanaujua vema mlio wa mashua ya injini. Mashua hiyo huchukua abiria na mizigo, huvusha mgonjwa usiku, huwapeleka wavuvi mbali na kuwarudisha. Injini ikizimika katikati ya maji hapana njia ya kurudi kwa miguu. Upepo na mawimbi ndivyo vitakavyoamua chombo kiende wapi. Kwa hiyo twataka kueleza jambo moja dogo sana, dogo kama unene wa karatasi mbili, ambalo likisahauliwa huweza kuiharibu injini polepole bila mwenyewe kujua. Jambo lenyewe ni nafasi ya valvu, ambayo mafundi wengi huiita nafasi ya tapeti.

Kwanza yapasa kufahamu jinsi injini ya dizeli ifanyavyo kazi. Rudolf Diesel, Mjerumani, alifaulu kuiendesha injini ya namna hii katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Injini hii haina cheche ya umeme ya kuwashia mafuta, kama ilivyo injini ya petroli. Pistoni huvuta hewa ndani ya silinda, kisha huibana mpaka ibaki sehemu moja tu katika kumi na sita, au hata katika ishirini, ya ukubwa wake wa kwanza. Hewa ikibanwa hivyo hupata moto. Kila aliyejaza upepo tairi la baisikeli kwa pampu amelisikia joto hilo mkononi. Katika injini joto hupita digrii 500 za Sentigredi, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Basi hewa ikipata mwanya wa kutoroka, joto halitoshi, na injini hukataa kuwaka hasa asubuhi ya baridi.

Vilango vya silinda ndivyo viitwavyo valvu. Mmoja huingiza hewa, wa pili hutoa moshi. Kila valvu hurudishwa kitini pake na springi yenye nguvu, na husukumwa ifunguke na mkono mdogo wa chuma uitwao roka. Roka nayo husukumwa na ufito utokao chini, penye mtaimbo wenye nundu, nao mtaimbo huo huzunguka mara moja kila injini izungukapo mara mbili. Injini ikienda mizunguko 1,500 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 750 katika dakika hiyo, yaani mara 45,000 kwa saa moja. Si ajabu basi kwamba vyuma hivyo huchakaa.

Kati ya roka na kichwa cha valvu huachwa nafasi kidogo kwa makusudi, maana chuma kikipata moto hurefuka. Kama nafasi haipo, valvu ikirefuka haitafika kitini pake, na itabaki wazi kidogo wakati ipasapo kufungwa. Hapo ndipo penye hatari. Moto wa silinda hupenya katika mwanya ule na kuila kingo ya valvu, kama maji yapenyavyo katika ufa wa tuta na kuupanua. Tena valvu ya moshi hupoa kwa kugusa kiti chake. Isipokigusa haina mahali pa kuutua moto wake, nayo huungua. Kwa sababu hiyo injini nyingi hupewa nafasi kubwa zaidi kwa valvu ya moshi kuliko kwa valvu ya hewa.

Nafasi ikizidi, madhara yake ni mengine. Valvu hufunguka kwa kuchelewa na kufunga mapema, hewa haiingii ya kutosha, nguvu hupungua, na vyuma hugongana kwa kelele. Hilo nalo ni baya, lakini injini yenye kelele humwonya mwenyewe, na ile iliyobanwa hunyamaza. Tuliwahi kuona mashua moja katika Ziwa Victoria ambayo nahodha wake alichukizwa na mlio wa kugongagonga, akakaza skrubu zote mpaka injini ikatulia kimya. Abiria walimsifu. Muda si mrefu injini ikawa ngumu kuwaka, moshi ukazidi, na ilipofunguliwa valvu mbili za moshi zilikuwa zimeliwa kingo zake. Twasema tena: ukimya si dalili ya afya katika jambo hili.

Sasa mtu atakaye kupima na afanye hivi. Afunge chombo mahali patulivu, aiache injini ipoe usiku kucha, ikiwa kitabu chake chaagiza kipimo cha injini baridi, na vingi huagiza hivyo. Afunge mafuta na kuondoa waya wa betri, isije injini ikawaka mikono ikiwa ndani. Asafishe kifuniko cha juu kabla ya kukifungua, kwa kuwa mchanga ukiingia humo humaliza vyuma. Kisha aizungushe injini kwa mkono, kwa upande ule ule izungukao siku zote, maana pampu nyingi za maji ya kupozea zina mabawa ya mpira yasiyopenda kurudishwa nyuma. Kama ipo pini ya kuachia hewa, aitumie, na kazi itakuwa nyepesi.

Shida ya wengi ni kujua silinda ipi iko tayari kupimwa. Pistoni hufika juu mara mbili: mara ya kwanza ikibana hewa, valvu zote mbili zimefungwa, nayo ndiyo tuitakayo, mara ya pili ikitoa moshi, na hapo valvu ya moshi yafunga huku ya hewa ikianza kufunguka. Katika injini ya silinda moja, linganisha alama ya gurudumu zito, kisha tikisa roka kwa vidole. Zikiwa zalegea zote mbili, pima. Zikiwa zimekazwa, zungusha mzunguko mmoja mzima tena. Katika injini ya silinda nne iwakayo kwa utaratibu wa 1, 3, 4, 2, tazama silinda ya 4: roka zake zikipishana, moja ikipanda na nyingine ikishuka, silinda ya 1 iko tayari. Zungusha nusu mzunguko. Sasa za 2 zapishana, pima ya 3. Nusu tena, za 1 zapishana, pima ya 4. Nusu ya mwisho, za 3 zapishana, pima ya 2. Walimu wataona upesi kwamba kila jozi ikijumlishwa huwa tano. Lakini angalia kitabu kwanza, kwani watengenezaji wengine wa injini za vyombo huanza kuhesabu silinda kutoka upande wa gurudumu zito.

Kipimo chenyewe ni vibamba vyembamba vya chuma viitwavyo fila, kila kimoja kimeandikwa unene wake. Injini nyingi ndogo hutaka kama milimita 0.20 au 0.25, lakini usikisie. Kila injini ina kipimo chake. Pitisha fila kati ya roka na valvu. Yapasa ipite kwa kusuguasugua kidogo, kama karatasi uivutayo chini ya kidole gumba. Ikipita ovyo au ikikataa, legeza nati kwa spana, geuza skrubu kwa bisibisi, kisha ishike skrubu isigeuke huku ukikaza nati. Halafu pima tena, maana kukaza nati hubadili nafasi, na wengi huharibu kazi njema hapa kwa haraka. Uso wa roka ukiwa umechimbika kwa uchakavu, fila hupita juu ya shimo na kudanganya. Roka hiyo yataka kutengenezwa au kubadilishwa. Na ikiwa valvu moja imepishana mno na wenzake, usiridhike kurekebisha tu. Pengine ufito umepinda, au kiti cha valvu chazama.

Kazi ikiisha, rudisha kifuniko na gasketi yake, washa injini, sikiliza, na utazame kama mafuta yavuja kando ya kifuniko. Vipimo vyote viandikwe katika daftari la chombo, vile vilivyokutwa na vile vilivyoachwa, pamoja na tarehe na saa ambazo injini imekwisha kufanya kazi. Valvu ambayo nafasi yake yapungua kila mara ipimwapo yaonekana katika daftari hilo miezi mingi kabla haijaungua.