Ngome ya Mtandao Inapokataa Kuwaka Baada ya Kusasishwa

Duka, zahanati, shule au nyumba yenye kompyuta kadhaa huweza kulindwa na ngome ya mtandao, yaani kifaa kinachokaa kati ya laini ya intaneti na kompyuta za ndani, kikichuja kinachoingia na kinachotoka. Baadhi ya watumiaji huwekewa kompyuta ndogo yenye mfumo wa pfSense au OPNsense. Mifumo hii ina matoleo yasiyolipiwa, nayo imejengwa juu ya mfumo endeshi wa FreeBSD. Kuisasisha ni wajibu, kwa kuwa matoleo mapya huziba mianya ya usalama. Hata hivyo, hutokea kifaa kilichokuwa kizima kabla ya kusasishwa kikakataa kuwaka baada yake. Makala haya yanaeleza sababu za tatizo hilo na hatua za kuchukua.

Jambo la kuepuka

Usichomoe waya wa intaneti kutoka kwenye ngome na kuuchomeka moja kwa moja kwenye kompyuta yenye kumbukumbu za fedha, za wagonjwa au za wanafunzi. Kufanya hivyo ni kuondoa mlango kwa sababu kitasa kimekwama. Ikiwa kazi haiwezi kusubiri, tumia kwa muda intaneti ya simu kwenye kompyuta moja tu.

Sababu za kawaida

Kwanza, huenda kazi haijakwisha. Katika toleo kubwa, kifaa huweza kujizima na kujiwasha zaidi ya mara moja. Subiri angalau nusu saa kabla ya kukata umeme.

Pili, umeme kukatika katikati ya kazi huvuruga mafaili kwenye diski.

Tatu, jina la diski huweza kubadilika. Mfano ni pfSense 2.2 ya mwaka 2015, iliyohamia FreeBSD 10.1. Diski zilizokuwa zikiitwa ad0 katika mifumo ya zamani sasa huitwa ada0, na mfumo unaoitafuta diski kwa jina la zamani hauioni.

Nne, mashine huenda ni kongwe mno. pfSense 2.4, iliyotoka mwaka 2017, iliacha kukubali prosesa za x86 za biti 32. Mashine ya aina hiyo haitawaka kwa toleo hilo, hata irekebishwe vipi.

Hatua za kufuata

1. Unganisha skrini na kibodi kwenye kifaa. Kisipokuwa na tundu la skrini, tumia waya wa konsoli. Kasi inayotumika mara nyingi ni 115200. Piga picha ya maneno ya mwisho yanayoonekana, kwa sababu ndiyo yatakayoonyesha chanzo.

2. Zima na uwashe, kisha utazame menyu inayotokea mwanzoni. Ikiwa diski imepangwa kwa ZFS, baadhi ya matoleo huhifadhi hali ya mfumo kabla ya kusasishwa. Ukiichagua hali hiyo, kifaa hurudi kilivyokuwa.

3. Kikisimama kwenye neno mountroot, andika alama ya ? upate orodha ya diski zilizopo. Kisha andika jina sahihi, kwa mfano ufs:/dev/ada0s1a. Kikiwaka, sahihisha jina hilo katika faili la /etc/fstab, la sivyo tatizo litarudi utakapowasha tena.

4. Kikilalamikia mafaili yaliyovurugika, na diski ni ya aina ya UFS, chagua kwenye menyu hali ya mtumiaji mmoja, ambayo kwa kawaida ni namba 2. Andika fsck -y / na urudie mpaka makosa yasionekane tena. Diski ya ZFS haitengenezwi kwa amri hii.

5. Yote yakishindikana, simika mfumo upya kwa flashi. Pakua mfumo kutoka tovuti rasmi pekee, kisha rejesha mipangilio kutoka faili la config.xml. Mwenye nakala ya faili hilo huokoa siku nzima ya kazi. Asiye nayo huanza kuandika kanuni zote upya.

Ukimwita fundi

Mweleze toleo la zamani na jipya, na umwonyeshe picha uliyopiga. Kubalianeni gharama kabla ya kazi, nawe udai risiti. Kifaa kikiwa bado ndani ya dhamana, wasiliana na muuzaji kwanza, kwani kukifungua kunaweza kukupunguzia haki zako. Kumbuka pia kwamba config.xml hubeba siri za mtandao wako; kwa hiyo badilisha manenosiri baada ya kifaa kurudi.

Kabla ya kusasisha tena

Hifadhi nakala ya config.xml nje ya kifaa. Andaa flashi ya toleo linalofanya kazi sasa. Soma maelezo ya toleo jipya uhakikishe mashine yako inakubalika. Hakikisha umeme hautakatika, ikiwezekana kwa kutumia betri ya akiba. Chagua saa ambayo hakuna anayetegemea mtandao, na uwe karibu na kifaa chenyewe. Ngome iliyo mbali nawe, ikikataa kuwaka, haiwezi kurekebishwa kupitia mtandao ambao yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiubeba.