Urubani wa Kusoma Vipimo: Masharti ya Mafunzo Yake na Maneno Yake katika Kiswahili

I. Chanzo cha makala haya

Makala haya yametokana na swali nililoulizwa katika mwalo wa Kirumba, mjini Mwanza, na mama mmoja muuza dagaa. Mwanawe alikuwa amekwisha kupata leseni ya kurusha ndege ndogo, na sasa alikuwa akiomba fedha za mafunzo mengine. Fedha zenyewe hazikuwa kidogo. Mama akaniuliza, "Mwalimu, leseni anayo. Sasa anakwenda kujifunza nini tena?" Nikaanza kumjibu, na kabla sijafika mbali nikatambua ya kuwa kila nilipolifikia neno lenye uzito nilikuwa nikilisema kwa Kiingereza. Mama alinisikiliza kwa adabu, lakini hakupata jibu.

Wala hakuuliza kwa sababu ya fedha tu. Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege ya abiria ya shirika la Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Viktoria karibu na uwanja wa Bukoba, ilipokuwa ikijaribu kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 43 walikuwamo. 19 walikufa, na marubani wote wawili walikuwa miongoni mwao. Wavuvi walikuwa katika watu wa kwanza kufika kuokoa. Si kazi ya makala haya kuhukumu sababu za ajali ile. Lakini ni dhahiri kwamba mama anayeishi kando ya ziwa hilo hilo ana haki ya kuelezwa, kwa lugha anayoijua, mwanawe anafundishwa nini kuhusu mawingu na mvua.

Kwa hiyo nitaeleza kwanza mafunzo yenyewe, kisha nitayapima maneno yanayoweza kuyabeba.

II. Namna mbili za kuruka

Rubani huweza kuruka kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuruka kwa macho. Rubani hutazama nje, huiona nchi, huuona mstari ambapo mbingu na nchi hukutana, na kwa mstari huo hujua kama mabawa yake yamelala sawa au yameinama. Leseni ya kwanza humruhusu kuruka namna hii tu, na sheria humkataza kuingia katika mawingu.

Namna ya pili ni kuruka bila ya kuona nje, kwa kufuata mishale na tarakimu zilizo mbele yake. Mtu asiyejua huweza kudhani kwamba tofauti ni ndogo, kwa kuwa ndege ni ile ile. Sivyo. Ndani ya sikio la mwanadamu mna mifereji midogo mitatu yenye maji, ambayo humwarifu mtu kila anapogeuka. Lakini mgeuko ukiendelea polepole kwa muda, maji hayo hutulia, na sikio huarifu kwamba hakuna mgeuko tena. Ndege ikirudi kunyooka, sikio hudai kwamba sasa ndiyo inapinda upande wa pili. Nje kukionekana, jicho hulisahihisha sikio mara moja. Ndani ya wingu jicho halina la kusahihishia, na rubani husadiki uongo wa mwili wake mwenyewe.

Katika majaribio ya Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, yaliyotangazwa mwaka 1954, marubani 20 wasiokuwa na mafunzo haya walifunikwa wasione nje, huku mwalimu akiwa pamoja nao. Wote 20 walishindwa kuimiliki ndege, na wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178, yaani haukutimia dakika tatu. Hapo ndipo ilipo sababu ya leseni ya kwanza kutotosha.

Kwamba jambo hili lawezekana kufundishwa lilithibitishwa tarehe 24 Septemba, 1929, wakati James Doolittle alipopaa, akazunguka na kutua katika uwanja wa Mitchel Field, New York, naye amefunikwa asione nje tangu mwanzo hata mwisho.

III. Masharti ya mafunzo

Masharti ya msingi yamo katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Usafiri wa Anga uliotiwa sahihi Chicago tarehe 7 Desemba, 1944. Kila nchi mwanachama huyatia katika kanuni zake, na katika Tanzania kazi ya kutoa leseni ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nchi moja huweza kuongeza sharti hili au lile, lakini shina ni moja, nalo ni kama ifuatavyo.

Kwanza, mwombaji awe na leseni ya rubani wa aina ya chombo anachokiombea. Mwenye leseni ya binafsi hupimwa pia usikivu wa masikio kwa kipimo kile kile cha marubani wa biashara, maana ndani ya wingu sauti ya mwongoza ndege ni msaada mkubwa.

Pili, awe amesafiri angani kutoka mahali hata mahali, yeye mwenyewe akiwa ndiye mkuu wa chombo, kwa saa zisizopungua 50. Na kati ya hizo, saa 10 ziwe katika aina ya chombo anachokiombea.

Tatu, awe na saa 40 za kuendesha kwa kusoma vipimo peke yake. Katika hizo, zisizozidi 20 zaweza kufanywa ardhini katika mashine ya kuigiza. Na ikitumika mashine iliyo kamili zaidi, zaweza kufika 30. Saa za angani zinazofanywa pamoja na mwalimu zisipungue 10. Angani mwanafunzi huvikwa ukaya mgumu unaomzuia kuona nje, na mwalimu hukaa kando yake akitazama kwa niaba yake.

Nne, afaulu mtihani wa elimu: sheria za anga, namna vipimo vinavyofanya kazi na namna vinavyokosea, upangaji wa safari, hali ya hewa, uongozaji wa njia kwa redio, tabia na udhaifu wa mwanadamu, na mazungumzo ya redio. Baada yake huja mtihani wa vitendo angani. Anayetaka kurusha ndege yenye injini zaidi ya moja huonyesha pia kwamba aweza kuruka kwa vipimo injini moja ikiwa imezimika.

Katika vitendo, mwanafunzi hufundishwa mambo matatu: kupitisha jicho juu ya vipimo vyote bila ya kuliacha likwame juu ya kimoja, kufahamu maana ya vyote pamoja, na kuigeuza ndege kwa kadiri ya maana hiyo. Juu ya haya huja jambo gumu kuliko yote, nalo ni kuacha. Rubani anaposhuka ndani ya wingu kuufuata uwanja, huwekewa kimo cha uamuzi. Kwa njia ya kawaida ya kushuka kwa miali ya redio, kimo hicho hakiwi chini ya futi 200 juu ya uwanja. Akifika hapo naye haioni njia ya kutulia wala taa zake, hana ruhusa ya kushuka zaidi. Ni lazima apande tena juu. Sehemu kubwa ya mafunzo ni kumzoeza kupanda bila ya kuona haya.

Kwa watu wa ziwa hili mambo hayo si ya mbali. Ziwa Viktoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, pepo za pande zote hukutana juu ya maji, na ngurumo na mvua kubwa huzaliwa ziwani usiku na alfajiri. Ndege ya asubuhi yaweza kuikuta mvua hiyo ikiwa bado haijakwisha.

IV. Maneno

Maneno ya urubani katika Kiswahili mengi yametoka baharini. Rubani, kwa asili ya Kiarabu, ni mjuzi wa kuongoza jahazi, na dira nayo ilikuwa ya nahodha kabla haijawa ya angani. Neno ndege limetoka kwa kiumbe, lakini sarufi imelitenga vizuri: twasema ndege ameruka tukimtaja kiumbe, na ndege imeruka tukikitaja chombo. Lugha haikuona shida.

Shida ipo katika maneno mawili tu: jina la vitu vile vinavyosomwa, na jina la ruhusa inayotolewa.

Kamusi kwa jambo la kwanza hutupa chombo. Lakini chombo ni sahani, ni jahazi, ni gari. Tena twasema vyombo vya habari na vyombo vya dola. Ukisema "kuruka kwa vyombo," msikilizaji ataelewa kwamba mtu amepanda chombo akaruka, jambo ambalo kila rubani hufanya. Maana yote imepotea. Wengine watapendelea ala. Neno hili ni zuri, nasi wanaisimu twalitumia katika ala za sauti. Lakini kwa watu wengi ala ni za muziki, na kwa wazee ni mfuko wa kisu au upanga. Mafundi wa magari husema geji, na dereva yeyote hulifahamu. Ila geji kwao huonyesha mafuta au joto, haiamuru mtu ageuke wapi.

Limebaki neno kipimo. Nalo lina hatari yake, kwani "kufanya vipimo" ni maneno ya hospitali, na rubani kweli hupimwa afya. Nilipomwambia yule mama kwamba mwanawe anajifunza "urubani wa vipimo," aliniuliza kama kijana anaumwa. Lakini kosa halikuwa katika nomino. Lilikuwa katika kukosa kitenzi. Tukisema "urubani wa kusoma vipimo," kitenzi kusoma huondoa hospitali, kwa kuwa mgonjwa hupimwa na haambiwi asome. Tena kitenzi hicho kinataja kazi yenyewe, maana mafunzo haya kwa hakika ni ya kusoma.

Majina ya vipimo vyenyewe si magumu, kwa sababu lugha ina njia iliyokwisha kufunguliwa. Tunalo neno kipimajoto, lililoundwa kwa kiambishi ki-, kitenzi na nomino. Kwa njia hiyo hiyo twaweza kupata kipimamwendo na kipimakimo. Na kwa kitenzi kuonyesha, kionyeshamwelekeo na kionyeshampindo. Kile kinachoonyesha kasi ya kupanda na kushuka chaweza kuitwa kipimampando, ikikubaliwa kwamba kushuka ni mpando wa kinyume; msomaji mwenye neno bora atusaidie. Cha sita ndicho mfalme wao: mstari mdogo uliochorwa ndani ya kioo kuwa badala ya ule wa nje. Hicho nakiita upeo bandia, kwa kuwa upeo wa macho ni msemo wa siku zote, na bandia husema wazi kwamba si ule wa kweli.

Jambo la pili ni ruhusa. Kijana mwenyewe alisema daraja, akiifuata leseni ya gari, ambayo katika Tanzania hugawanywa kwa madaraja. Mwenye daraja la gari dogo hachukui basi la abiria mpaka apate daraja lake. Mfano huu humsaidia msikilizaji, nami niliutumia. Hata hivyo daraja la gari hubadili gari. Ruhusa hii haibadili ndege; hubadili hali ambayo ndege ile ile yaweza kurushwa ndani yake. Kwa hiyo naona idhini inafaa zaidi: leseni ni moja, na idhini huandikwa juu yake moja baada ya moja. Basi jina kamili litakuwa "idhini ya urubani wa kusoma vipimo."

V. Pingamizi moja

Huenda mtu akauliza, faida ya maneno haya ni nini, iwapo rubani atasema Kiingereza redioni? Ni kweli kwamba tangu Machi 2008 marubani wa safari za kimataifa na waongoza ndege wao hutakiwa kuonyesha ujuzi wa lugha ya redio, usiopungua ngazi ya 4 katika ngazi sita. Na sharti hilo lina sababu. Huko Tenerife, tarehe 27 Machi, 1977, ndege mbili kubwa ziligongana katika ukungu ardhini, wakafa watu 583. Na maneno yenye maana mbili redioni yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa na wachunguzi. Sidai kwamba Kiswahili kiingie mahali pa lugha hiyo ya redio.

Lakini ajali ile yatufundisha jambo lililo pana kuliko redio: neno lenye maana mbili ni hatari popote linapobeba uhai. Mwalimu humweleza mwanafunzi aliyekwama. Mzazi hutoa fedha. Abiria huambiwa kwamba ndege imerudi Mwanza, naye hukasirika, kwa sababu hapana aliyemweleza kwamba kurudi huko ndiko kulikofundishwa kwa saa 40. Taarifa ya ajali husomwa na waliofiwa. Katika mahali pote hapo lugha ni Kiswahili.

Nilirudi Kirumba na maelezo yaliyonyooka zaidi. Nilisema: leseni aliyo nayo ni ya kuruka anapoona nje, idhini anayoitafuta ni ya kuruka asipoona, kwa kusoma vipimo, na katika mafunzo hayo atafundishwa pia wakati wa kuacha kutua. Mama akafikiri kidogo. Kisha akasema, "Basi hilo la kuacha ndilo nitalilipia."

Maneno niliyoyapendekeza si sheria. Wasomaji walio karibu na viwanja vya ndege, au karibu na chuo cha urubani cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki, huenda wameyasikia mengine yaliyokwisha kutumika. Yakiwapo, na yasipomchanganya yule muuza dagaa, hayo ndiyo yatakayokuwa na haki ya kutangulia.