Jaketi lako la mtumba bado halijafa
Ukipanda Mwanda kwa boda kutoka Voi, joto unaliacha chini, na huko juu ukungu unakungoja. Hapo lile jaketi la kuteleza kwenye theluji ulilookota mtumba ndilo kila kitu. Sasa limeanza kunyonya maji? Usilitupe. Mara nyingi ni uchafu tu na mabaki ya sabuni ya unga. Funga zipu, lifue kwa sabuni ya maji isiyo kali na maji vuguvugu, suuza, kisha suuza tena. Sabuni ya kulainisha nguo, achana nayo kabisa! Likikauka, weka kitambaa juu, pitisha pasi ya moto mdogo, bila mvuke. Nyunyizia maji. Yakiviringika kama kwenye jani la nduma, uko sawa. Yakizama, tafuta dawa ya kupulizia ya kuzuia maji.