Fedha za Afya ya Akili na Safari ya Mgonjwa wa Kigonsera

Kliniki ya akili katika hospitali za Tanzania hukusanya wagonjwa wasiofanana. Yumo mwenye skizofrenia anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, mwenye sonona aliyepoteza usingizi na hamu ya kula, mama aliyechanganyikiwa siku chache baada ya kujifungua, na mtu aliyeharibiwa na pombe. Yumo pia mgonjwa wa kifafa, ambaye ugonjwa wake ni wa ubongo lakini kwa desturi hutibiwa hapo hapo. Wengi wao hawahitaji kitanda. Wanahitaji dawa isiyokatika, mhudumu aliyefunzwa kuwapima na kuwasikiliza, na mahali pa kufika bila kukopa nauli. Serikali inapaswa kuongeza fedha za huduma hizi, na nyongeza hiyo italeta nafuu kubwa zaidi ikishuka hadi zahanati na vituo vya afya.

Historia ya tiba hii nchini ilianza kwa kumtenga mgonjwa mbali na kwao. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walifungua hospitali ya Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza nao walijenga Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920; karibu yake ipo Isanga, inayopokea wagonjwa wenye kesi za jinai. Mirembe ndiyo hospitali ya taifa ya afya ya akili mpaka leo, na kazi yake kwa wagonjwa wazito haina mbadala. Hata hivyo, kutoka Songea hadi Dodoma, kupitia Njombe na Iringa, ni zaidi ya kilomita 700. Mkoa wa Ruvuma una watu zaidi ya milioni 1.8 kwa sensa ya 2022, na wagonjwa wake hawawezi kuitegemea hospitali iliyo mbali kiasi hicho.

Kigonsera ina nafuu kuliko vijiji vingi vya mkoa huo. Iko kando ya barabara ya lami ya Songea kwenda Mbinga, na misheni yake ya Wabenediktini ilianzishwa mwaka 1899. Anayetoka hapo anaweza kufika hospitali ya Peramiho au ya rufaa ya mkoa, Songea, akarudi siku hiyo hiyo. Wa Lituhi au wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa ana safari ndefu zaidi, na masika huirefusha. Lakini hata kwa mtu wa Kigonsera, hospitali mara nyingi si mlango wa kwanza. Kijana akirukwa na akili, ndugu huuliza kwanza nani kamloga, na hupelekwa kwa mganga wa kienyeji. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 uliwapima watu waliofika kliniki za kawaida na waliofika kwa waganga wa jadi: kliniki, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya akili kama sonona na wasiwasi, kwa waganga, asilimia 48. Watu hao hawakosi kutafuta msaada. Wanautafuta mahali ulipo karibu, penye mtu mwenye muda wa kukaa nao na kuwasikiliza.

Dawa za msingi za magonjwa haya ni za zamani na za bei nafuu. Klopromazini ilianza kutumika katika miaka ya 1950. Haloperidoli, amitriptilini na fenobabitali nazo zina miongo mingi. Sindano ya flufenazini hudumu karibu mwezi mzima, na humfaa sana mgonjwa anayesahau au kukataa vidonge. Hasara kubwa huanza dawa inapokatika. Mgonjwa wa skizofrenia aliyekwisha kutulia, anayelima na kuuza kahawa yake, hufika na kadi mkononi akaambiwa dawa hakuna, akanunue dukani. Kijijini duka lenye haloperidoli ni nadra. Wiki kadhaa baadaye usingizi unapotea, maneno yanaanza kupishana, na ndugu wanakodi gari wakiwa wamemfunga kamba. Analazwa, naye ndugu mmoja analazimika kukaa wodini kumhudumia. Vidonge vya mwezi mmoja vilivyokosekana vimezaa kitanda cha wiki nyingi, nauli ya watu watatu na shamba lisilo na mtu.

Umatengo, nchi ya Wamatengo wilayani Mbinga, kuna kilimo kinachoonyesha hasara hiyo vizuri. Ni kilimo cha ngoro, kinachozuia udongo usichukuliwe na maji kwenye miteremko, nacho kina mgawanyo wa kazi. Mwanaume hufyeka nyasi na kuzipanga chini katika miraba. Mwanamke huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi hizo, shimo likabaki kati na matuta pembeni. Matuta hayo hupandwa maharage, na msimu unaofuata mahindi. Mmoja akiugua sonona hata asiweze kuamka, kazi ya mwenzake nayo inasimama, kwa kuwa huwezi kufukia nyasi ambazo hazijapangwa. Hasara ya namna hii haiingii katika hesabu za wizara, nayo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kuongeza fedha: familia tayari inalipa, na inalipa kwa njia ghali kupita zote.

Kwamba tiba rahisi inawezekana hata vijijini ndani kabisa kulithibitishwa zamani kusini mwa Tanzania. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, alipofika Mahenge, mkoani Morogoro, mwishoni mwa miaka ya 1950 aliwakuta wagonjwa wengi wa kifafa waliotengwa. Watu waliamini mate yao yanaambukiza, hivyo walikula peke yao. Wengine walikuwa na makovu makubwa kwa kuangukia motoni wakati wa degedege, wala hakuna aliyethubutu kuwagusa. Alianzisha kliniki mwaka 1960 na kuwapa fenobabitali. Wengi walipungukiwa na degedege, wakarudi kuishi na wenzao. Tafiti za baadaye zimekihusisha kifafa cha Mahenge na usubi, ugonjwa unaoenezwa na nzi weusi wa mito yenye maji ya kasi. Ruvuma nayo ni miongoni mwa maeneo ya usubi, na hapo pana funzo la kibajeti: ivermectini, dawa ya usubi, huwafikia wanavijiji kupitia wagawa dawa waliochaguliwa na jamii, kwa sababu mpango wake una dawa ya uhakika na fedha zinazojulikana. Njia ya kufikia kaya ipo. Dawa za akili hazijapewa nafasi katika njia hiyo.

Serikali imewahi kujaribu. Mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza mwaka 1980 kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ukipeleka huduma hadi ngazi za chini katika mikoa ya Kilimanjaro na Morogoro. Wazo lilikuwa sahihi, lakini kazi iliyosimama kwa fedha za mfadhili ilidhoofika msaada ulipopungua. Ndiyo maana fedha zinazozungumzwa hapa ni lazima zitoke katika bajeti ya ndani. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, serikali duniani hutenga wastani wa karibu asilimia 2 tu ya matumizi yao ya afya kwa afya ya akili, na katika nchi zenye kipato cha kati sehemu kubwa ya kiasi hicho humezwa na hospitali za akili.

Pingamizi lipo, na ni la haki: halmashauri yenye malaria, vifo vya wajawazito na uhaba wa wauguzi itoe wapi fedha? Jibu ni kwamba huduma hii haihitaji jengo jipya. Tabibu anayempima mama mjamzito anaweza kufundishwa kumuuliza kuhusu usingizi, huzuni na mawazo ya kujiua. Harare, Zimbabwe, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafundisha bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia wenye sonona kupanga hatua za kutatua shida zao. Utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa waliohudumiwa hivyo walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wanawake wazee wanaoheshimika hawakosekani Kigonsera wala Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa.

Zipo pia hatua zisizo na gharama, kama kurekebisha sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, jambo linalomfanya aliyenusurika aogope kusema ukweli mbele ya daktari. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu kama hicho kuwa kinyume cha katiba Januari 2025.

Kwa upande wa fedha zenyewe, sehemu ya kuanzia ni Mpango Kabambe wa Afya wa kila halmashauri. Afya ya akili ikifunikwa ndani ya magonjwa yasiyoambukiza, ndiyo inayokatwa mapema fedha zikipungua. Ikiwa na kifungu chake, inaweza kulipia mambo machache yanayohesabika: akiba ya miezi mitatu ya dawa nne au tano katika kila kituo cha afya, mafunzo ya kurudiwa kwa tabibu na wauguzi, na mafuta ya pikipiki ya muuguzi wa akili anayezunguka kutoka hospitali ya wilaya kuwasimamia wenzake wa zahanati, hadi vijiji vya ziwani.