Je, Wajua? Zambarau Hafifu Ukutani

Wewe unayemalizia kupiga lipu pale Kasoli, sogea kidogo! Unataka ile rangi tulivu, kijivu chepesi chenye zambarau kwa mbali? Basi fundi asichovye brashi kwanza.

Je, wajua kuwa zambarau ya kwanza ya kiwandani ilizaliwa na malaria? Mwaka 1856, William Henry Perkin, kijana Mwingereza wa miaka 18, alijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Kwinini akaikosa, akapata tope jeusi. Alipolitia spiriti, zambarau hiyo ikamwagika! Unaona mbu walivyotuletea urembo?

Na kabla ya Perkin? Konokono! Hata baada yake, mwaka 1909, mkemia Paul Friedländer aliijaribu njia hiyo ya kale: alitumia konokono wa baharini 12,000, akaambulia gramu 1.4 tu za rangi. Haya, piga hesabu ya ndoo ya lita 20.

Weupe wa rangi nyingi za ukutani nao hutokana na madini ya titani. Hayo yalichimbwa kwa jirani zetu, kwenye mchanga wa Kwale, Kenya, na kusafirishwa kutoka mwaka 2014 hadi mgodi ulipofungwa mwisho wa 2024. Unga mweupe wa titani umo hata kwenye dawa nyingi za meno!

Usiondoke, bado bluu. Ile bluu iliyokuwa ikitiwa kwenye maji ya kufulia ili shati jeupe ling'ae, zamani ilisagwa kutoka jiwe la Afghanistan, na wachoraji wa Ulaya waliinunua kwa bei ya dhahabu. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa kiliweka zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeiunda kwa bei nafuu. Jean-Baptiste Guimet akaibeba mwaka 1828. Sasa shika hii: itie bluu hiyo kidogo pamoja na udongo mwekundu ndani ya chokaa nyeupe, na kijivu chako cha zambarau hicho hapo. (Anza na kijiko, ndugu yangu. Bluu haina huruma.)

Chokaa yenyewe, wajua, hunywa hewa ya ukaa ukutani na kurudi kuwa jiwe!

Rangi ikishakauka, kazi hubaki kwa mwanga. Mawimbi ya mwanga wa urujuani ni madogo mno: 2,500 yanaenea ndani ya milimita moja. Taa ya manjano ina urujuani haba, ndiyo maana huifanya zambarau yako igeuke kijivu usiku. Badili balbu, weka nyeupe, uone inavyorudi! Ndoo moja, kuta mbili.

Na nje je? Kasoli jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, na zambarau ya Perkin hupauka juani. Udongo mwekundu hautishiki: uko kwenye michoro ya miambani Kondoa, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na baadhi ya wachoraji wake walikwishaondoka kabla babu wa babu yako hajazaliwa!