Paka kahamia kwako, umwiteje?

Hakuna mnyama Burundi ambaye jina lake limefika mbali kama Gustave, na wala hakuwahi kuwa na mwenyewe. Ni mamba wa delta ya Rusizi na ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Aliyempa jina hilo ni Patrice Faye, Mfaransa aliyeishi Burundi miaka mingi akifuatilia wanyama watambaao. Mamba wakubwa walikuwapo ziwani tangu zamani, na watu waliliwa tangu zamani. Lakini huyu alipopata jina, makovu ya risasi mwilini mwake yakawa kitambulisho, kila msiba wa ufukweni ukawekwa juu yake, na wapiga filamu wakaja na kizimba kikubwa cha chuma kumtega, wasimpate. Jina lilimtoa kwenye kundi la mamba likamfanya yeye.

Paka wa Bujumbura wengi hawajawahi kutolewa kwenye kundi. Paka wa mtaa wa Buyenzi ni wa duka, wa stoo ya mchele, wa uchochoro wa nyuma ya soko la Ruvumera. Kazi yake panya, ujira wake vichwa vya ndagala, yaani dagaa. Akiitwa, anaitwa pusi, kama walivyoitwa wote waliomtangulia. Siku akipotea, mtu ataulizia nini? Paka wa kijivu? Kila kona ina paka wa kijivu.

Kwa hiyo mtu anapochukua paka na kumpa nyumba, nashikilia kwamba jina ni sehemu ya malezi, sawa na chakula na chanjo. Na anapomchukua paka aliyekwisha kuwa na jina, kazi inakuwa nzito kidogo, kwa sababu kuna nyumba nyingine ndani ya lile jina.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Gitega ilipofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, baadhi ya watumishi wa serikali walianza kuhamisha familia zao huko, na jirani yetu mmoja alipohama alituachia paka wake. Jike, kijivu mwenye milia, kidevu cheupe kana kwamba kimechovywa kwenye maziwa. Aliitwa Minou, jina la Kifaransa ambalo paka wengi wa mjini wanalo. Kwetu alikuwa akisikia Minou anageuza masikio, anatazama mlangoni, kisha analala tena. Alikuwa akiwatafuta wenyewe waliozoea kumwita hivyo. Watoto wakasema anahitaji jina la kwetu.

Majina yakamwagika. Simba, likakataliwa kwa sababu mtaa mzima una Simba. Mukeke, kwa ajili ya rangi yake ya fedha kama ya samaki huyo, nikalipenda sana. Lakini mukeke hutajwa jikoni kila mara, na mnyama hawezi kuitwa kwa neno ambalo nusu ya wakati halimhusu. Kisha mtoto mmoja akasema Minani, na hapo bibi akainua mkono.

"Paka hapewi jina la mtu," alisema. "Utaita paka, ataitika baba wa watu."

Bibi alikuwa na hoja kuliko sisi sote. Kwa Warundi jina hubeba habari za nyumba. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane, Nyabenda wa tisa, Bucumi wa kumi. Pacha mkubwa ni Bukuru, mdogo wake Butoyi. Yako na majina ambayo wazazi humpa mtoto huku macho yao yakiwa kwa jirani: Bazombanza ni kama kusema wataanza na mimi, na kila anayeishi karibu anaelewa kwamba ameambiwa kitu. Ukimwita paka kwa jina la namna hiyo uani, mtu atasimama kwenye ua wake ajiulize anasemwa nani. Buyenzi, ambako misikiti iko karibu karibu, majina ya mitume nayo hayaguswi. Mwaka 2007 huko Khartoum darasa la watoto lilimpa mwanasesere wa dubu jina la Muhammad, na mwalimu wao Mwingereza akaishia gerezani kabla ya kusamehewa na rais. Ni bora kuwaza kabla ya kuita.

Lililobaki lilikuwa kumtazama paka mwenyewe. Hili limeshafanyika kwenye ziwa letu hili hili, upande wa Tanzania. Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960, akawapa sokwe majina kwa jinsi alivyowaona. Mwenye mvi kidevuni akawa David Greybeard. Mama mmoja akaitwa Flo, na watoto wake wakafuata herufi ya mama: Faben, Figan, Fifi, Flint. Alipokwenda kusoma Cambridge wataalamu walimwambia alipaswa kuwapa namba. Hakukubali, na historia imempa haki: leo watu wanaokumbuka ukoo wa Flo ni wengi.

Bujumbura yenyewe ina sokwe wake wa kukumbukwa. Poco alifungiwa humu mjini kwa miaka tisa katika kizimba chembamba kilichoning'inizwa juu ili kuvutia wateja, hata akazoea kusimama wima. Aliokolewa, na mwaka 1995, vita vikiendelea, akahamishwa pamoja na wenzake hadi hifadhi ya sokwe ya Sweetwaters, Ol Pejeta, nchini Kenya. Kwa namba tu, nani angesimulia habari zake?

Basi tukamwita Kidevu. Aliyelitoa ni mtoto mdogo kuliko wote, na hata bibi aliridhika.

Je, paka anajua? Mwaka 2019 Atsuko Saito wa Chuo Kikuu cha Sophia, Tokyo, na wenzake walichapisha utafiti wao. Paka walisikilizishwa maneno manne yenye urefu na mdundo unaofanana na wa majina yao, kisha jina lenyewe. Wengi wao masikio na vichwa viliamka kwenye jina, hata sauti ilipokuwa ya mgeni. Paka wa mikahawa, wanaoishi wengi pamoja na kuitwa na kila mteja, hawakutofautisha jina lao na la mwenzao. Kwa hiyo nyumba nzima ikubaliane jina moja, fupi, lisilofanana na la mtu wala mnyama mwingine hapo, na lisitumike kumkaripia.

Sisi tuliunganisha: Minou-Kidevu, kila mara na ndagala mkononi, hadi Minou ikafifia yenyewe. Anayelazimisha jina jipya kwa siku moja anajichosha bure.

Ila kwenye kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa andika majina yote mawili. Paka aliyehamishwa akitoroka huweza kurudi kwenye ua wake wa zamani, na waliobaki kule hawamjui Kidevu. Wanamjua Minou.