Pumzi Inapobana Usiku

Je, umepata kuamka usiku wa manane, koo limebana, kifua kinalia miluzi, pumzi haitoki? Usimsingizie jirani uchawi, wala usiseme ni jinamizi tu. Huenda ni pumu. Njia za pumzi huvimba na kuwa nyembamba, na hali huzidi kuelekea alfajiri.

Kwenye baridi ya milima ya Tarime, hata Mugumu, Serengeti, wengi hulala karibu na moto. Lakini moshi wake huichochea pumu. Basi toa kuni na makaa nje, ujifunike blanketi.

Nenda hospitali upimwe. Dawa ya kuvuta, salbutamoli, hufungua kifua. Na mgonjwa akishindwa kumaliza maneno, au midomo ikigeuka rangi, msingoje kuche: mpelekeni usiku uo huo.